Kulungu Mwenye Jina la Taina

Jumanne, 3 Septemba

Mke wangu Bernadine amechoka na manung'uniko yangu mezani. Ameninunulia daftari na kuniambia, "Linung'unikie hili, halina masikio." Basi, daftari, pole sana. Hujui umeingizwa wapi.

La kunung'unikia leo ni moja. Dada yangu Taina ameanza kuomba afutiwe hatia. Miaka ishirini na mmoja iliyopita, yeye na mchumba ambaye hata mbwa wetu hakumpenda walivunja mlango wa nyuma wa baa iliyofungwa, wakatoka na katoni za bia na chupa kubwa ya mayai ya siki. Mchumba alikimbia na bia. Taina alikamatwa na mayai. Alikaa jela ya kaunti majira ya baridi mazima, akalipia mlango, akamaliza muda wa uangalizi, na tangu hapo hata barabara havuki pasipo na kivuko. Lakini kila akiomba kazi ya maana, yale mayai humtangulia kufika.

Sasa mpishi wa shule anastaafu Krismasi. Hakuna asiyejua nani analifaa jiko lile. Nusu ya mji hula mkate wa iliki wa Taina kila Jumamosi. Mkuu mpya wa shule, aliyetujia kutoka kusini, ng'ambo ya daraja kubwa linalotuunga na sehemu nyingine ya jimbo, naye ameuonja. "Nafasi nitakuwekea hadi Januari," amemwambia, "lakini niletee amri ya jaji. Bila hiyo siwezi kukuajiri." Kazi hiyo ina bima ya afya. Taina ana nyonga mbovu, naye anasafisha vyumba katika hoteli ya wapanda pikipiki za theluji, ngazi juu, ngazi chini. Yaliyobaki mtu anaweza kuyajaza mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba

Nilimuuliza mbona hatia isijifute yenyewe, maana redioni nilisikia siku hizi kompyuta za jimbo zinafuta makosa ya zamani.

"Zinafuta ya wengine, kaka. Kuvunja jengo ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka kumi. La namna hiyo kompyuta hailigusi, mpaka jaji."

Sifa anazo zote. Hatia yake ni moja tu. Miaka mitano inayotakiwa tangu kumaliza adhabu ameimaliza mara tatu. Hana kesi yoyote mahakamani. Hilo la mwisho alilirudia huku akininyooshea mwiko.

"Kesi mpya ikitokea, hata ndogo, nimekwisha. Mwaka huu jina langu lisionekane popote. Hata kwenye bahati nasibu ya kanisa. Na leseni ya kulungu usininunulie. Umenisikia, Arvid?"

Nimesikia. Hapa kwetu karibu kila mwanamke ana leseni ya kulungu, na wengi wao hawajawahi kushika bunduki. Leseni moja ni lebo ya kulungu mmoja; mwanamume akishampata dume wake, wa pili humfunga lebo ya mkewe, au ya dada. Ni kosa, ndiyo. Kuendesha kasi pia ni kosa.

Jumatatu, 16 Septemba

Karani wa mahakama amerudisha fomu. Eti ni toleo la zamani. Nimelilinganisha na jipya kwa miwani yangu, halafu kwa ya Bernadine. Tofauti niliyoiona ni tarehe iliyo chini ya ukurasa.

Ijumaa, 27 Septemba

Mahakama haifunguliwi Ijumaa mchana. Tumelijua hilo Ijumaa mchana.

Jumatano, 2 Oktoba

Hatimaye! Nakala ya hukumu imepigwa muhuri. Maombi yamepokelewa. Nakala moja imekwenda kwa mwendesha mashtaka, moja kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, moja kwa polisi wa jimbo pamoja na kadi ya alama za vidole. Jaji atamsikiliza tarehe 18 Desemba. Akikataa, Taina atangoja miaka kabla ya kuruhusiwa kuomba tena, na jiko la shule halitangoja miaka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimenunua leseni dukani kwa Elmo Saari, kama kila mwaka. Kahawa, karata, umbea. Elmo anasema goti lake limetabiri theluji ya mapema. Goti hilo lilitabiri vilevile mwaka jana, tukavaa fulana hadi Desemba.

Jumanne, 29 Oktoba

Alama za vidole zimerudishwa. Hazisomeki! Dawa za kusafishia vyoo zimezila ncha za vidole vya dada yangu mpaka mashine ya polisi haioni mtu pale.

Taina aliiweka barua mezani, akavitazama viganja vyake. "Nimejifuta vidole kwa kusugua vyoo," akasema. "Kilichogoma kufutika ni hatia tu."

Bernadine alicheka, kisha akamkumbatia. "Leta mikono hapa, wifi." Akatoa kopo la marhamu ya kupaka viwele vya ng'ombe, akaanza kumpaka. Ni dawa ya wiki mbili, pamoja na glavu mbili mbili kazini.

Afande Trudell, msaidizi wa sherifu, ndiye anayechukua alama. Nilimpigia simu. "Mlete tarehe kumi na tano Novemba," akasema. "Siku hiyo hakutakuwa na foleni hata ya nzi."

Kweli. Kumi na tano Novemba ndipo msimu wa kulungu unapofunguliwa. Shule zinafungwa, na anayetaka kufa hungoja kesho yake.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji. Goti la Elmo linajisifu mji mzima.

Ijumaa, 15 Novemba

Ningependa kuiandika siku hii kwa mstari mmoja. Haikubali.

Asubuhi Taina aliondoka na gari la Bernadine kwenda kwa sherifu, vidole vyake vikinukia zizi. Mimi nilikuwa porini kabla ya mapambazuko, na jua halijapanda sana nikampata dume mdogo, pembe kama uma wa kulia. Nikamfunga lebo yangu. Msimu wangu ulipaswa kuishia hapo, nirudi kwenye kambi yetu ya uwindaji nikapashe moto sauna, kibanda chetu cha mvuke.

Alasiri, nikiwa ninakunywa kahawa kwenye kisiki, akatokea mwingine. Daftari, sijawahi kuona mnyama wa namna ile. Pembe zake zilikuwa na matawi kumi. Alisimama akanitazama kama mkopeshaji. Nikapiga. Halafu nikaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, nikatoa leseni ya pili, nikaifunga kwenye pembe kwa vidole vilivyokufa ganzi. Sikuisoma. Kwa nini niisome? Kila mwaka iko mfuko uleule, na kila mwaka imeandikwa jina lilelile.

Hapo ndipo akili ingepaswa kunirudia. Haikurudi. Badala yake ilikuja tamaa ya sifa. Mnyama wa lebo ya mke hupelekwa nyumbani kimyakimya na kukatwakatwa gereji. Huo ndio utaratibu. Lakini matawi kumi! Nikampakia garini, nikampeleka hadi kwenye nguzo iliyo mbele ya duka la Elmo, mahali madume makubwa ya siku ya kwanza huning'inizwa ili mji uyatazame na kusema uongo.

Elmo alikuwa na kipaza sauti. Aliishika lebo, akaisoma kwa furaha: "Mabibi na mabwana! Anayeongoza ni wa matawi kumi, na mwindaji ni mwanamke! Taina Harju!"

Watu wakashangilia. Kijana wa gazeti akapiga picha. Mimi nikasikia jina la dada yangu likipanda juu ya maegesho.

Afande Trudell alikuwa pale na kikombe chake. Alinisogelea taratibu, kama mtu anayekuja kuuliza habari za nyumbani.

"Taina Harju," akasema.

"Afande."

"Dada yako."

"Ndiye."

"Asubuhi ya leo mimi nilikuwa nimemshika vidole, kimoja kimoja, mpaka karibu na adhuhuri. Kisha akakimbilia zamu hotelini. Huyu kulungu alimpigia wapi, ngazini?"

Nikajifanya ninakaza kamba ya kulungu.

Elmo aliingilia kati kwa kunong'ona. "Tuitoe lebo tu, jamani. Nani ameona?"

"Mji mzima, mzee," Trudell akasema. Akanigeukia. "Sikiliza, Arvid. Jioni hii mimi nimekuja kunywa kahawa. Sijaona kitu. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa nimeona. Ukiwa umeshafika mwenyewe kwa askari wa wanyamapori kabla ya hapo, itakuwa afadhali kwako. Kwa dada yako, sijui."

Jumamosi, 16 Novemba

Nilimwendea Taina kabla hajaenda kazini. Alikuwa anatoa mikate kwenye tanuri. Vidole vyake vilikuwa bado na wino.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vyenye theluji. Alipanga mikate kwenye waya ipoe, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikuambia nini mwezi wa tisa?" akauliza.

"Nisikununulie."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nimesikia."

"Ukanunua."

"Elmo aliniuliza 'zilezile mbili?', yangu na yako, nikasema ndiyo. Namba za kitambulisho chako nazijua kwa moyo, Taina. Ulimi ulizitoa wenyewe. Sikukusudia..."

"Ungekusudia ningekuelewa!" Ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Adui ana mpango. Wewe huna mpango, Arvid. Wewe una mazoea. Miaka ishirini na mmoja natembea kwa ncha za vidole katika mji huu, halafu kaka yangu ananitundika juu ya nguzo kwa kipaza sauti!"

Angenipiga na mkate ningeshukuru.

Kisha nikaenda kwa Ofisa Pruitt, askari wa wanyamapori. Ni mwanamke mrefu asiyecheka, ametoka kusini pia. Sisi humwita Jokofu asipokuwepo. Nilisema kosa ni langu peke yangu: nilinunua leseni kwa jina la dada yangu bila yeye kujua, nikafunga lebo yake kwenye kulungu wangu. Aliandika yote. Kisha akaweka kalamu chini.

"Bwana Harju, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesikia wanaume wengi kwenye kiti hicho. Sijawahi kukutana na mwanamke aliyejua."

"Lakini huyu kweli hakujua!"

"Wote husema 'huyu kweli'."

Akaeleza bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Mimi nitashtakiwa, hilo halina mjadala. Lakini anayempa mwingine lebo yake naye ana kosa. Akiamini Taina alinipa, atamshtaki. Na mtu mwenye kesi hawezi kusimama mbele ya jaji kuomba afutiwe nyingine. "Nani alikuona ukiinunua peke yako?" akauliza.

Mtu mmoja tu.

Jumapili, 17 Novemba

Elmo Saari amekataa.

"Nikimwambia Jokofu kwamba nilikuuzia leseni ya mwanamke ambaye hayupo," alisema, "swali lake la pili litakuwa nimeuza ngapi za namna hiyo. Unajua nimeuza ngapi?"

"Najua, Elmo. Nilikuwepo mara nyingi."

"Basi! Lipa faini, ukae kimya. Dada yako ataomba tena baadaye. Ameshazoea kungoja."

Tumesoma darasa moja. Nilikuwa nadhani ni mtu mchangamfu. Leo nimeona kwamba uchangamfu wake ni wa mtu ambaye hajawahi kudaiwa kitu.

Kambini wanaume wameniambia niache utakatifu. "Ukimfungua Elmo mdomo," mmoja wao akasema, "wake zetu wote watakuwa wahalifu." Aliliona kama mzaha. Mimi nilikuwa mwanachama wa mzaha huo kwa miaka thelathini.

Alhamisi, 21 Novemba

Gazeti limetoka. Picha ipo ukurasa wa mbele. Mwendesha mashtaka husoma gazeti.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga alikuwa mkavu, nikamsifu. Taina alikaa upande wa pili wa meza, akaniomba chumvi kupitia kwa Bernadine.

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji usiku kucha. Nimeisukuma barabarani kwa lori la kaunti, kama kazi yangu inavyotaka, kwenda na kurudi, na kila nikigeuka ilikuwa imejaa tena nyuma yangu. Sina la kuongeza.

Jumatano, 4 Desemba

Alama za vidole zimekubaliwa! Marhamu ya viwele yametenda. Sasa polisi wanamjua vizuri kuliko wakati wowote, na Pruitt bado "anachunguza". Mkuu wa shule amepiga simu kuuliza imefikia wapi. Taina alimjibu kwa sauti tamu, akakata simu, akaenda kukaa sauna peke yake.

Jumamosi, 7 Desemba

Elmo amekuja nyumbani, kofia mkononi. Bernadine alimfungulia, hakumwambia karibu. Akajikaribisha.

"Arvid, mwambie dada yako aache."

"Aache nini?"

"Mkate!" Akaketi kwa kishindo. "Kila Jumamosi ananiletea dukani, kama kawaida. Wiki ya kwanza nikadhani atanitukana, nikajiandaa. Akasema, 'Habari za asubuhi, mzee Elmo. Goti linaendeleaje?' Wiki ya pili vilevile. Leo ameniwekea mmoja wa ziada, eti nimpelekee mama yangu. Hakununa. Hakuomba. Bado ana kucha nyeusi za ule wino, bwana! Afadhali angenipasulia kioo."

"Sasa?"

"Sasa mama yangu ameula mkate, akaniuliza kesi ya Taina imefikia wapi." Akajifuta uso. "Nimetoka kwa Jokofu sasa hivi. Nimemwambia ulikuja peke yako, na kwamba mimi ndiye niliyeuliza 'zilezile mbili?'. Nimemwambia na nyingine alizouliza. Ameninyang'anya mashine ya leseni mpaka mwakani."

Bernadine, ambaye alikuwa amesimama muda wote huo, akamsogezea kikombe cha kahawa.

"Kambini watanichinja," Elmo akasema.

"Wana leseni?" Bernadine akauliza.

Jumanne, 17 Desemba

Wanaume watatu hawajaniamkia posta. Suti yangu imekataa kufunga. Bernadine anasema suti haina kosa.

Jumatano, 18 Desemba

Taina alivaa gauni la buluu la mazishi. Ndani ya gari aliniambia maneno matatu: "Usimame tu ukiulizwa."

Mwendesha mashtaka ni kijana mwenye mafua. Alisema ofisi yake haina pingamizi juu ya kosa la zamani, ila kuna jambo la kulungu, na akalitoa gazeti. Jaji, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alilitazama kwa muda mrefu.

"Kulungu mkubwa," akasema. "Ofisa Pruitt?"

Jokofu akasimama. Alisema amechunguza, mwombaji hakujua, na hatashtakiwa. "Ndiye wa kwanza, mheshimiwa," akaongeza. Aliketi bila kunitazama, na mimi nikaapa kimoyomoyo kumwita kwa jina lake.

Jaji akamgeukia Taina. "Umefanya nini miaka yote hii, Bi. Harju?"

"Nimesafisha vyumba, mheshimiwa. Nimeoka mikate. Nimemuuguza mama mpaka akafariki."

"Na kulungu?"

"Kulungu sijawahi kumpiga. Kaka yangu ndiye nimetamani, mara kadhaa."

Nyuma yangu mtu alikohoa ili asicheke. Nadhani alikuwa Trudell.

Jaji akasaini. Kalamu haikutoa hata mlio. Nilikuwa nimetarajia nyundo, kengele, chochote. Akasema kuanzia sasa sheria itamhesabu Taina kama mtu ambaye hakuhukumiwa.

Taina hakuondoka. "Kwa hiyo shuleni wakiniuliza kama nimewahi kuhukumiwa, nijibu hapana?"

"Jibu hapana."

"Na haitakuwa uongo?"

"Haitakuwa uongo."

"Samahani, mheshimiwa. Hata nikiulizwa kwa kuandika?"

Jaji alivua miwani. "Hata kwa kuandika, Bi. Harju."

Karani akatuonya kwamba kompyuta za jimbo zitachukua wiki kadhaa kuipata habari, kwa hiyo achukue nakala zenye muhuri. Taina akaomba tatu.

Kesi yangu ilikuwa baadaye asubuhi hiyohiyo, ukumbi wa chini. Wakili wa zamu ameshaniambia nitakachopata: faini, fidia ya kulungu inayohesabiwa kwa matawi ya pembe, siku kadhaa za jela ya kaunti nitakazokaa baada ya theluji, na miaka bila bunduki porini. Nilimwambia Taina aende nyumbani. Akakaa nami kwenye benchi la ukumbini, nyonga yake ikimsumbua, bahasha ya nakala magotini.

Nilitafuta neno la kuomba radhi ambalo nilikuwa bado sijalitumia, sikulipata.

Mlango ukafunguka. Akatokea askari wa mahakama, kijana mgeni asiyetujua, akasoma karatasi yake, akatutazama sisi wawili.

"Harju? Mshtakiwa ni nani kati yenu?"

Taina akasimama. Sijui kama hata alisikia swali. Alisimama kama mtu anavyoinua mkono kujikinga, uso umeshakuwa mtupu, mkono umeshaushika mkoba. Alikuwa amekwisha kupiga hatua moja aliposita.

Akaitazama bahasha. Akanitazama mimi. Kisha dada yangu akarudi kukaa, akajipanga vizuri gauni lake, akanyoosha kidole kilichokuwa bado na wino chini ya kucha.

"Ni huyu," akasema.

Nikasimama.